Msemaji wa Kanyiva

Makadara, Nairobi
9 Machi 2025

Kwa dada yangu Ndinda,

Pokea salamu za nyumba hii yote, ukijumlisha paka wa jirani ambaye siku hizi anakula kwetu na kulala kwao. Lydiah wangu hajambo, ni magoti yake tu yanayolalamika kila akipanda ngazi. Binti yako Kanyiva alikuja Jumapili kutoka Donholm, akamaliza chapati zote kisha akamsingizia mchumba wake, eti Job ndiye mwenye njaa. Job mwenyewe alikuwa hata hajafika. Natumai huko Mwingi hamjambo, na kwamba mvua imekumbuka njia.

Shuleni tulifundishwa kwamba ukishamuuliza mwenzako hali, unaandika "nami huku ni mzima kama chuma". Sentensi hiyo nimeiruka makusudi. Mapafu yangu unayajua. Miaka yote ile ya kuchonga twiga na vifaru karakanani, vumbi la mbao likiingia kwa pua moja na moshi wa sigara kwa pua ya pili, sasa yamechoka na yanataka kwenda zake. Daktari amesema ugonjwa huu haurudi nyuma. Ameupa jina refu ambalo mimi siwezi kulimaliza bila kupumzika katikati. Nina mashine ya oksijeni kando ya kiti, inanguruma kama friji yenye hasira, na mrija wake nimeuvaa puani kama ng'ombe dume aliyetiwa kamba. Nikienda msalani unanifuata. Lydiah anasema baada ya kuishi nami miaka yote hii, sasa ndiyo anajua niko wapi.

Usikasirike kwamba sipokei simu zako. Nikipokea husikilizi maneno, unasikiliza kifua. Siku ile nilikuwa nakupa kisa kizuri sana cha kiongozi wa kwaya na meno yake ya bandia, na mahali pa kucheka wewe ukaniuliza, "Mbona unavuta hivyo?" Kisa kikafia hapo. Barua haikohoi. Nitampa dereva wa basi la Mwingi, nawe unirudishie kwa huyo huyo.

Sasa jambo lililonikalisha hapa. Watu wa Job wanataka kuja kuongea habari ya ntheo, wale mbuzi wa kwanza ambao bila wao binti wa Kikamba hajaolewa hata akivaa pete vidole vyote. Kanyiva alizaliwa kwetu akalelewa kwetu, baba yake hakuonekana, kwa hivyo mimi mjomba ndiye baba, na msemaji ni mimi. Wewe umewaambia waje Desemba, huko Mwingi. Mimi nasema Agosti, hapa kwangu. Desemba kuna joto jingi. Tena Desemba watu wa Job wote wako Kakamega wanakula kuku, nani atawabandua hapo? Agosti kuna baridi, wageni hawakai sana.

Sina sababu nyingine.

Kaka yako,
Mbaluka


Mwingi
2 Aprili 2025

Kaka Mbaluka,

Salamu zako zimefika, na paka msalimie. Huku tuko. Mvua ilikuja jioni moja ikatutazama ikaenda zake. Duka la vitenge linasonga. Kanisani tumepata mchungaji mpya, kijana, anahubiri akitembea huku na huku mpaka shingo zinatuuma.

Nimesoma sababu zako za Agosti nikacheka peke yangu dukani hadi mteja akaondoka. Wewe ambaye ukija huku Julai unavaa makoti mawili na kofia ya sufu, leo unaogopa joto? Desemba ni Desemba, Mbaluka. Ukoo wote uko nyumbani, mbuzi wamenona, na mtoto anaombewa katika boma alikokulia. Nimeshawaambia watu, siwezi kurudi kusema kaka yangu anaogopa jua.

Halafu, nisikilize bila kununa. Hii habari ya kusema. Mazungumzo kama yale huchukua mchana mzima, na nimesikia ukiongea. Nimefikiri binamu yetu Nzivo ashike hiyo kazi. Sauti anayo, na uungwana anaujua. Wewe utaketi mbele, uheshimiwe, unywe supu.

Nimekutumia asali na muthokoi, mahindi ya kukoboa kama ya mama. Kwenye karatasi ya gazeti kuna majani niliyopewa na Mama Kawsar sokoni. Yachome kwa makaa, ujifunike blanketi, uvute ule moshi.

Dada yako,
Ndinda


Makadara
14 Aprili 2025

Ndinda, dada yangu mwenye huruma na majani,

Sisi tuko salama, nanyi tunawaombea. Muthokoi tumekula. Asali imebaki kidogo, na nitakueleza nani kaila. Lydiah amepata viatu vipya vya kuyasaidia magoti yake, sasa anapanda ngazi akijisifu. Kanyiva alimleta Job rasmi Jumapili iliyopita. Kijana aliingia akasema, "Niaje buda," akakumbuka yuko wapi, akashika mdomo, akasema, "Samahani mzee, habari ya leo," kisha akanipigia magoti kabisa, kitu ambacho hakuna aliyemwomba. Nimempenda.

Sasa majani. Dada, mimi nina mapafu yaliyoharibiwa na moshi, nawe umenitumia dawa ya moshi. Ni kama kumwokoa mtu aliyezama kwa kumpa maji ya kunywa. Lydiah ameyatia chini ya godoro kufukuza kunguni. Kunguni hatuna, lakini sasa hawathubutu kuja.

Nina mtu mpya wa kugombana naye. Anaitwa Sista Khadro, muuguzi kutoka Eastleigh, anatoka katika ile huduma ya kutembelea wagonjwa nyumbani. Daktari aliponiambia ananipeleka kwao nilijua basi, nimeshafungashwa. Nilimngoja yule sista nikiwa nimenyoa na kuvaa shati la Jumapili, nikidhani amekuja kunipima jeneza. Akaketi, akala asali yako kwa kijiko, akaniuliza, "Mzee, ukiacha kubishana na watu, ni kitu gani unakitaka sana?"

Sikuwa nimeulizwa swali kama hilo tangu nikiwa kijana wa kutafuta mke. Nikamwambia: nataka kumsemea Kanyiva. Kwa mdomo wangu huu.

Akasema, "Basi hiyo ndiyo kazi yetu." Hakucheka, hakuniambia nipumzike. Tangu siku hiyo ananifundisha kupumua, mimi mzee mzima. Unavuta polepole kwa pua, unakunja midomo, unapuliza kidogo kidogo kama mtu anayepoza uji wa moto. Amesogeza kiti changu dirishani ili upepo unipige usoni, akaniletea kifeni cha mkononi. Na ameniandikia dawa ya maji, mofini, kijiko kidogo sana, inapunguza ile hali ya kuhisi kama mtu amenikalia kifuani. Mara ya kwanza kuinywa nililala chali nikiwangoja malaika. Badala yao nikaota nafukuzwa na kifaru niliyemchonga mwenyewe, na kwa mara ya kwanza mwaka huu nikaamka nimelala vizuri.

Kuhusu Nzivo: haiwezekani. Nzivo ndiye aliyemsemea yule binti wa kanisani, akaongea mpaka wageni wakasinzia, na walipoamka wakakuta ameshawapunguzia mahari bila kuombwa. Ukitaka Kanyiva aende bure na sisi tuwaongezee jogoo, mwite Nzivo.

Agosti, Ndinda.

Kaka yako,
Mbaluka


Mwingi
25 Mei 2025

Kaka Mbaluka,

Nisamehe kukawia. Mvua ilirudi na hasira, barabara ikakatika, basi likawa haliji. Hiyo ndiyo sababu ya wiki ya kwanza. Nyingine zote sina la kusingizia, niliandika nikachana.

Tuko salama. Mbaazi zimetoa maua. Mchungaji ameacha kutembea, sasa anaruka.

Nimeuliza watu kuhusu hiyo dawa. Mbaluka, hiyo si ndiyo wanayopewa wale ambao… Wewe unaelewa. Mwambie huyo sista akupe nyingine. Mwambie una dada. Na hao wa huduma ya nyumbani, nani aliwaita? Jirani yangu hapa aliletewa watu wa aina hiyo na haikuchukua muda. Sitaki kuandika zaidi.

Desemba bado iko palepale. Wewe mtu una haraka gani? Ukishamaliza shughuli hii, utabaki ukifanya nini? Tulia, kula, vuta hewa yako ya mashine, Desemba itakukuta. Usiniandikie tena neno Agosti, nimechoka kulisoma.

Nimetuma mbaazi kavu. Hazichomwi, zinapikwa.

Ndinda


Makadara
11 Juni 2025

Dada Ndinda,

Salamu. Mwandiko huu ni wa Lydiah, maneno ni yangu, ingawa yapo mawili amekataa kuyaandika.

Nilikuwa hospitalini wiki nzima. Homa ndogo ilipanda kifuani ikajifanya kubwa. Sasa niko nyumbani, kitini, dirishani. Siwezi kuongea sentensi ndefu, kwa hivyo Lydiah yuko katika siku njema za ndoa yake.

Ile dawa usiiogope. Khadro amekuwa akinieleza na sasa namweleza yeye vizuri kuliko anavyonieleza. Haiji kumchukua mtu. Inakuja kumkalisha. Bila hiyo ningekuwa sijalala tangu Pasaka. Na hao watu, daktari aliwataja, lakini aliyewaita ni mimi, Ndinda. Si jirani, si Lydiah. Mimi.

Kuhusu baridi na kuku wa Kakamega, tuyaache. Ulikuwa unajua toka mwanzo kwamba ni upuzi, nami nilikuwa najua kwamba unajua.

Agosti.

Mbaluka

(Mimi Lydiah naongeza: wifi yangu, anakula, na anacheka. Lakini mkubalie.)


Mwingi
15 Juni 2025

Kaka,

Agosti. Hapo kwako.

Mazungumzo yatakuwa Makadara, mbuzi watakuja Mwingi kwa wakati wao. Nimewaambia watu kwamba ni mimi nimebadilisha, kwa hivyo ukisikia naitwa kigeugeu nyamaza. Nitakuja na sufuria zangu kwa sababu za wifi ni za kupikia watoto wa chekechea. Nzivo ataketi kando yako, akiba tu, na nimemwapisha asifungue mdomo mpaka uanguke.

Utasema wewe.

Ndinda


Makadara
20 Agosti 2025

Kwa Ndinda, mama wa bibi harusi na mkuu wa majeshi ya jikoni,

Natumai ulifika salama na sufuria zako zote. Kifuniko kimoja kimebaki, Lydiah anakana. Hapa nyumba imekuwa kimya mpaka paka wa jirani amekuja kuuliza. Kanyiva amepiga simu kila siku tangu Jumamosi, hana cha kusema, anacheka tu.

Kwa kuwa wewe ulikuwa jikoni na kina mama, na ninasikia Nzivo anatangaza habari zake mwenyewe huko, nataka upate habari kamili kutoka kwa aliyekuwa ndani.

Unajua maandalizi. Khadro alipita asubuhi akanipa kijiko changu, akakiweka kiti dirishani, akaniambia, "Mzee, pumzi zako leo ni kama chaji ya simu kuukuu. Usizimalize kwa salamu." Kwetu msemaji husimama, tangu enzi za baba. Mimi niliketi. Niliwaambia wageni nimeketi kwa heshima yao, na kwa kuwa ni watu wa adabu, hawakuuliza ni heshima gani hiyo.

Msemaji wao ni Mzee Naftaly, mjomba wa Job, mwalimu mkuu mstaafu kutoka Kakamega. Dada, yule mtu anaongea! Alianzia kwa uumbaji wa dunia. Akapitia mito, akapitia miwa, akawasifu Wakamba kwa kuchonga na kwa kutokukata tamaa na jua. Mimi nikitikisa kichwa, naweka akiba. Mwishowe akafika, akataja ng'ombe wao na mbuzi wao na blanketi la mama. Akataja vizuri, kwa haki kabisa. Mimi mwenyewe niliposikia nilisema moyoni, hapa tumekwisha, nikubali tule.

Nikafungua mdomo niseme, "Mzee, tumesikia, tumeshukuru." Hakukutoka kitu. Kifua kilikuwa kimefunga. Nikakumbuka mafunzo: nikafumba macho, nikavuta kwa pua polepole, nikakunja midomo, nikapuliza. Fuuuu. Taratibu, kama uji.

Wageni wakatazamana.

Mimi najua nimepumua. Mzee Naftaly alichoona ni mzee wa Kikamba aliyeketi wakati wenzake husimama, amefumba macho, ameyapuliza maneno yake kama makapi kwenye ungo. Nikasikia wananong'ona kwa Kiluhya. Nilipofumbua macho akasema, "Wakwe zetu, labda sikueleweka. Kuna na ndama."

Nikataka kumwambia hapana, mzee, usijisumbue. Nikavuta. Nikapuliza. Fuuuu.

"Na mbuzi wa mjomba," akasema haraka. "Mjomba tulikuwa hatujamsahau. Tulikuwa tunamweka mwisho."

Hapo Nzivo akaninong'oneza, "Kaka, usiongee! Usiongee kabisa, unawamaliza!" Huyo ndiye uliyenipa kama akiba. Macho yalimtoka kama mtu aliyeona mana ikishuka. Nikimwangalia ili anisaidie kueleza, yeye anadhani nampa ishara, anakunja mikono na kukaza uso. Wageni wakaona Wakamba wawili wamekaza nyuso. Mzee mwingine wa kwao akataja mzinga wa nyuki. Nani alimwambia mambo ya nyuki? Yule mzee alikuwa anatafuta tu mfukoni mwa akili yake.

Ningeweza kuwaacha waendelee, Ndinda. Nakwambia ukweli, shetani alipita akanisalimia. Kazi yangu yote ya kusema, tangu ujana, sijawahi kupata matokeo kama siku niliyokosa sauti.

Lakini nilitazama mlangoni nikamwona Kanyiva. Alikuwa amesimama kwenye ule ujia wa jikoni na birika mkononi, na hakuwa anacheka. Alidhani nakataa. Alimtazama Job, Job akatazama viatu vyake. Mtoto wetu alikuwa anaona ndoa yake ikivunjwa na mapafu ya mjomba wake.

Nikainua mkono. Nikangoja kabisa mpaka kifua kikaniruhusu. Nikasema:

"Mzee Naftaly. Mimi sikatai. Mimi napumua."

Hakuelewa. Nikavuta tena. "Mapafu yangu yamekwisha. Hayaponi. Nikikaa kimya, sijakasirika. Natafuta hewa."

Nilikuwa sijawahi kuyasema mbele ya watu. Hata kwako nilikuwa nayazunguka kwa vichekesho, na wewe ukizunguka kutoka upande wa pili. Yametoka mbele ya mwalimu mkuu mstaafu wa Kakamega. Nikawaambia ndama arudi nyumbani kwa mama yake, mbuzi wa mjomba pia, na mzinga wa nyuki abaki nao yule mzee, ulimtoka kwa hofu. Lile neno la kwanza lilikuwa zuri, tulikuwa tumelipokea zamani, ni vile tu halikupata pa kupitia.

Mzee Naftaly alinikazia macho. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akavua miwani, akasema, "Nimefundisha watoto watukutu maisha yangu yote, hakuna aliyewahi kuninyamazia hivyo!" Wewe jikoni ulisikia kicheko hicho. Ndicho hicho.

Akaniuliza kama kuna jambo ninalotaka badala ya vile nilivyorudisha. Nikasema lipo moja. Walidhani nitataja kitu.

Nikasema, "Huyu mtoto anaongea sana. Ni mimi nilimharibu. Akianza sentensi, Job, muache aimalize. Usimkatize. Hata kama unajua anakoelekea."

Ilinichukua muda mrefu kuyamaliza maneno hayo, Ndinda, vipande vipande, na hakuna mtu aliyenikatiza. Hata Nzivo. Job akasema, "Nimeskia, mzee. Haki nimeskia." Kanyiva akaweka birika sakafuni, mahali ambapo Lydiah huwa anamkataza, akaja akaniegemea begani bila kusema kitu. Yeye, Kanyiva, bila kusema kitu!

Basi hayo ndiyo yaliyotokea ndani. Nimeandika kwa siku tatu, kidogo kidogo. Nimefurahi mpaka sijui niiweke wapi furaha, kifua hakina nafasi.

Kaka yako na msemaji,
Mbaluka


Mwingi
14 Septemba 2025

Kaka yangu Mbaluka,

Salamu zetu zote. Kifuniko mwambie Lydiah nimemwachia. Mbaazi tumevuna. Mchungaji ameteguka mguu akiruka, sasa anahubiri ameketi, na kanisa limejaa.

Kanyiva alikuwa ameshaniambia yaliyotokea, lakini nilitaka kuyasikia kwako. Nimeisoma barua yako dukani nikafunga duka.

Nitakwambia neno nililokuwa naandika na kuchana mwezi wa tano. Wewe uliogopa hutafika Desemba, si ndiyo? Nilielewa tangu barua ya kwanza. Mimi si mjinga, ni dada yako. Ila mimi nilikuwa nimeishika Desemba kwa nguvu kwa sababu nakujua. Wewe ukiwa na kazi ya kusema huondoki kabla hujaisema. Nikafikiri nikiisogeza mbele shughuli hii, nitakuwa nimekusogeza na wewe. Ndiyo maana nilikuuliza ukishaimaliza utabaki ukifanya nini. Nilipokubali Agosti nililia kama mtu aliyesaini kitu kibaya. Sijamwambia mtu.

Sasa umesema, umemaliza, na mimi sina tena cha kukushikia.

Kwa hivyo nimekutafutia kazi nyingine.

Usicheke. Yupo mtu. Anaitwa Matheka, ni mjane, alikuwa daktari wa mifugo wa wilaya hii. Amekuwa akinunua vitenge dukani kwangu mwaka mzima, na hana mke wala binti wa kumvalisha. Nilidhani ana maradhi. Juzi akanieleza anavyofanya na hivyo vitenge: ameviweka kabatini, havijafunguliwa, anasema havikuwa vyake, ni vya atakayekuja. Mbaluka, nina miaka hamsini na mbili, nilijisikia kama msichana aliyefumaniwa na mwalimu.

Nimemwambia sijibu kitu mpaka aongee na kaka yangu. Nimemwambia Desemba.

Dada yako,
Ndinda


Makadara
20 Septemba 2025

Ndinda,

Wote wazima kwa kiasi chao. Barua yako niliisoma nikacheka, Lydiah akaja mbio akidhani nimekabwa. Akaisoma naye, sasa tukawa wawili. Daktari wa ng'ombe! Kabati zima la vitenge!

Sasa nisikilize, leo naandika fupi kwa sababu hata kalamu imekuwa nzito. Ule ujanja wako wa Desemba nimeuelewa, na nimekaa nao dirishani mchana wote. Hakuna aliyewahi kunitaka nibaki kwa njia ya ujeuri namna hiyo. Lakini Desemba siwezi kukuahidi. Unaona? Nimeiandika. Haikuniuma kama nilivyodhani, na nisingependa ikuume wewe kuliko mimi.

Kwa hivyo mwambie Bwana Matheka aje Jumamosi ijayo, hapa Makadara. Aje na msemaji wake na sababu zake. Khadro nimeshamwambia, anasema nile kidogo na nisimsalimie mtu yeyote tangu Alhamisi.

Na wewe usiende jikoni. Lydiah atapika na sufuria zake ndogo, tutatosheka. Utaketi hapa kando yangu, mbele ya wazee, watashangaa na watazoea. Pumzi yangu ikiishia katikati ya sentensi, uimalizie wewe. Unajua nilikokuwa naelekea.

Isipokuwa ile ya kumkubali. Hiyo mningoje, hata kama chai itapoa. Nataka kuisema mwenyewe.

Kaka yako,
Mbaluka